Mbwa akianguka kifafa

SWALI: Mbwa wetu dume, miaka 3, kilo 20 hivi, ameanguka mara tatu tangu Mei. Anakakamaa, anapiga miguu kama anayekimbia, anatoka povu na kujikojolea. Akiamka anagonga ukuta kama kipofu, kesho yake mzima kabisa. Mume wangu humtia kijiko mdomoni. Jirani anasema ni kichaa, tumuue. Mwingine anasema povu litawapa watoto kifafa.
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Dada, kijiko kikae jikoni. Mbwa hamezi ulimi wake. Kijiko humvunja meno, na anayekishika huumwa vidole.

Akianguka, angalieni saa. Ondoeni watoto, zimeni redio, mvuteni kwa blanketi mbali na ngazi na hasa jiko la mkaa, maana baridi ya Uyole ya Juni na Julai huliingiza ndani. Msimmwagie maji. Mtu mmoja achukue video kwa simu: daktari wa mifugo hujifunza mengi humo kuliko katika maelezo. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika mbili. Ikifika dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, au zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, ni dharura: mpelekeni kwa daktari. Njiani mfuteni tumbo na nyayo kwa kitambaa chenye maji, kwani misuli inayokaza humpandisha joto. Chakula na maji asubiri mpaka asimame na kuwatambua.

Povu haliambukizi kifafa. Kichaa nacho hakimwachi mbwa akapona kesho yake. Humzidi, akafa ndani ya siku chache. Hata hivyo chanjo yake iwe ya mwaka huu, na mtu yeyote akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mara tatu hizo, dawa inafaa. Inayoanza mara nyingi ni fenobabitoni, miligramu 2.5 hadi 3 kwa kilo, kila saa 12, kwa cheti cha daktari. Mmoja wenu apande mizani akiwa amembeba, kisha bila yeye, mtoe uzito wa pili katika ule wa kwanza. Akiwa kilo 20 kweli, vidonge vya miligramu 30 ni viwili asubuhi, viwili jioni: 28 kwa wiki. Wiki mbili za mwanzo atayumba, atakunywa na kula kupita kiasi, msipunguze. Baada ya hapo apimwe damu, na ini liangaliwe kila miezi 6. Wengi huharibu hapa: mbwa hajaanguka miezi mitatu, vidonge vinaachwa, naye anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Vikibaki vya wiki moja, nunueni vingine.

SWALI: Tulimwogesha mbwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Saa moja baadaye anatetemeka na kutokwa ute. Ni kifafa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana, ni sumu. Vaeni glavu, mwosheni kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfuteni akauke. Msimpe maziwa wala kumtapisha. Mpelekeni sasa hivi, na chupa ya dawa mkononi: atropini hutibu sumu ya dawa za kupe za jamii ya oganofosfeti, lakini haifai kwa amitrazi, aina nyingine ya dawa ya kupe, na kwa macho tu daktari anaweza kuzichanganya sumu hizo mbili.