Maswali ya Wasomaji: Nyasi za Mitaro, Viwavi na Wanaowala

Kila mwezi wa nane nasafisha mitaro ya kuzuia mmomonyoko mpaka inabaki udongo mtupu, kisha nachoma majani. Jirani yangu anaacha nyasi na tithonia (kichaka chenye maua ya njano) kwenye mitaro yake. Watu wanasema anafuga viwavi, lakini mahindi yake yanaliwa kidogo kuliko yangu. Nifuate nini? (Papa wa Katana, Kabare)

Papa, acha kuchoma. Kiwavi jeshi vamizi, aliyeonekana Afrika mwaka 2016 akitokea Amerika, hangoji mvua akiwa mtaroni. Kipepeo wake huruka usiku kutoka mbali na atafika shambani kwako, pawe safi pasiwe safi. Wanaomla ndio wanaokaa kwenye nyasi: buibui, mbawakavu weusi wa ardhini, siafu, na wadudu wenye koleo mkiani. Wengi wao wanatembea kwa miguu. Ukichoma mwezi wa nane, mahindi ya sezoni A (ya mvua za mwezi wa tisa) yanaota bila hata mlinzi mmoja.

Kipepeo hutaga mayai 100 hadi 200 pamoja, na baada ya siku mbili hadi nne viwavi vinatoka. Vikishakua vinajificha ndani ya moyo wa muhindi, na huko hata dawa haifiki vizuri. Kwa hiyo mlinzi anayefaa ni yule aliyekuwa shambani kabla. Nao nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na viwavi hunywa utamu wa maua wakiwa wakubwa. Pasipo maua hawaishi siku nyingi. Hapo maua ya tithonia ya jirani yanalipa, na ya kaliandra (mti mdogo wa malisho) pia.

Usikate mitaro yote siku moja. Kata mmoja, ruka mmoja, na iliyobaki uikate baada ya wiki nne hadi sita. Setaria na tripsakum, nyasi ndefu za malisho, ni nzuri kuliko nyasi fupi, kwa sababu mashina yake yaliyobanana yanahifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Majani uliyokata yatandaze kati ya mistari.

Lakini si kila kichaka ni rafiki. Mahindi yaliyojiotea bondeni kiangazi yanamlisha kiwavi mpaka mvua zirudi, yang'oe. Nyanya na viazi vilivyojiotea pia, kwani vinatunza magonjwa.

Kisha hesabu kila wiki, kuanzia mahindi yakiwa na wiki mbili. Tembea kwa njia ya kupinda-pinda, simama mahali 5, angalia mashina 10 kila mahali. Mahindi yakiwa machanga, dawa ifikiriwe pale mashina 10 kati ya 50 yana majani yaliyoliwa upya. Yakikaribia kutoa mbelewele, 20. Chini ya hapo, ponda mayai kwa vidole.

Pusero (vidukari) weusi wamejaa kwenye maharagi. Nimepiga dawa mara mbili, wanarudi wengi zaidi. Kuna pia wadudu weusi wenye miiba na madoa ya rangi ya chungwa wanaokimbia juu ya majani. Hao niwapige nini? (Mama wa Walungu)

Usiwapige kitu, Mama. Hao wanaofanana na mamba wadogo ni watoto wa koksineli, yule mdudu wa mviringo mwenye madoa mgongoni, na chakula chao ni pusero. Pusero jike huzaa bila dume, na binti zake wanaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Koksineli anahitaji wiki tatu au nne kutoka yai hadi mdudu kamili. Dawa ya wadudu kama sipermetrini inaua wote, ila pusero wachache waliojificha chini ya majani wanajaza shamba tena, na safari hii hakuna wa kuwala.

Tafuta pusero waliovimba, wagumu, wa rangi ya kahawia, wengine wakiwa na tundu la mviringo mgongoni. Ndani yao mlikuwa na nyigu. Ukiwaona wengi, subiri wiki moja. Ncha zilizojaa sana zikate, au zinyunyizie maji ya sabuni jioni: mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji. Jaribu kwanza kwenye mashina machache, na uelekeze kwenye pusero tu, maana sabuni inaua pia watoto wa koksineli.

Kuna koksineli wa jamii nyingine wanaokula majani: hawang'ai, wana vinyweleo, na watoto wao ni wa njano. Hao okota kwa mkono.

Desmodiamu (mmea unaotambaa, wa jamii ya maharagi) katikati ya mahindi na majani ya tembo (napia) pembeni: inafanywaje, na kwa nini rafiki yangu alishindwa? (Msomaji wa Kamanyola)

Njia hii ilitengenezwa Kenya na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, kwa ajili ya viwavi wanaotoboa bua. Harufu ya desmodiamu inafukuza vipepeo; majani ya tembo yanawavuta wakatage huko, na watoto wengi wanafia humo.

Mistari ya mahindi iachane sentimita 75. Katikati ya mistari chora kijifereji cha sentimita 1 au 2, changanya mbegu za desmodiamu na mchanga mkavu, mwaga, funika kidogo. Kuzunguka shamba panda mistari 3 ya majani ya tembo, mita 1 kutoka mahindi, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina.

Kinachoharibu: mbegu kufukiwa sana, vibarua kung'oa desmodiamu changa wakidhani ni magugu, majani ya tembo kuachwa yakatia mahindi kivuli, na ng'ombe wa kiangazi, ambao huko kwenu bonde la Ruzizi ni tatizo kweli. Pale panapokauka sana, nyasi ya brakiaria aina ya Mulato II inavumilia kuliko majani ya tembo.

Desmodiamu huanza polepole, faida inaonekana kuanzia sezoni ya pili. Kama shamba umekodi kwa sezoni moja, usijisumbue: changanya mahindi na maharagi, utandaze majani, uhesabu viwavi.