Kwa mliopangiwa Kusini: mgonjwa haji wodini peke yake

Majina ya ajira za afya yakitoka na mtu akajikuta amepangiwa Liwale, Nanyumbu au Tandahimba, huuliza kwanza habari za barabara, kisha umeme, kisha nyumba. Ni maswali ya haki, na wenyeji wa huko watawajibu vizuri kuliko mimi. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika wodi za Mtwara na Lindi tangu nikiwa binti, na leo nataka kuzungumza nanyi habari za mtu ambaye chuoni hatukufundishwa sana kumhusu: anayeuguza. Ni yule mama, shangazi au mjukuu anayelala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Mkijua kufanya naye kazi, mzigo wenu utapungua sana. Mkimwona kero, mtachoka mapema na wagonjwa wenu wataumia.

Usiku muuguzi mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima. Wa kwanza kuona dripu imeisha, mtoto ameacha kunyonya au mzee anahema tofauti na jioni ni huyo wa mkekani. Kwa hiyo ukishapokea zamu, pita kitanda kwa kitanda, msalimie kwa heshima yake, kisha mwambie waziwazi mambo mawili matatu ya kuangalia usiku huo kwa mgonjwa wake. Mwambie pia: "Ukiliona lolote kati ya haya, njoo uniite saa yoyote, sitakugombeza." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Watu wengi hukaa na mgonjwa anayezidiwa mpaka alfajiri kwa sababu waliwahi kuja mezani wakafokewa.

Hapa nitazungumza zaidi kuhusu mama wa mtoto mwenye siko seli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, inakadiriwa wapatao 11,000 kila mwaka, na popote mtakapopangiwa mtakutana nao. Mama huyu ameshalazwa na mwanawe mara nyingi mno. Anaingia saa saba usiku, mtoto mgongoni analia miguu, na kabla hujafungua faili anakwambia: "Sista, mkono wa kushoto mshipa haupatikani tena. Mara ya mwisho walipata huku, karibu na dole gumba." Nimeshuhudia wageni wakimjibu, "Kwani mama, wewe ndiye daktari?" kisha wakamchoma mtoto mkono uleule wa kushoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, damu haiji, mtoto kaishiwa sauti ya kulia na mama kageukia ukutani asione. Alikuwa ameshawaambia. Kwa mwanawe yeye ana ujuzi ambao wewe huna, na kuupokea hakukupunguzii cheo chako.

Na maumivu ya siko seli msiyapime kwa macho. Mtoto anaweza kuwa ametulia anatazama simu ya dada yake huku mifupa inamuuma kwelikweli. Amezoea, ndiyo maana hapigi kelele. Mpeni dawa ya maumivu kwanza, mpimeni joto, mwangalieni kifua na bandama. Maswali mengine yanaweza kusubiri robo saa.

Kuchukua historia ya mgonjwa Kusini kunataka uijue kalenda ya shamba. Kuanzia kama Juni hadi Septemba watu wanapulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia miti hiyo. Miezi hiyo mtaletewa watu wenye kikohozi kikavu, macho mekundu, koo linalowasha. Ukiandika dawa za kuua bakteria bila kuuliza "Umepulizia lini?" utakuwa umewanunulisha dawa ya ugonjwa ambao hawana. Mvua zikianza, familia nzima inahamia shambani, na mtoto aliyekuwa anahudhuria kliniki vizuri anapotea miezi miwili. Usimwandike mtoro kabla hujauliza shamba lao liko wapi. Fedha za minada ya korosho zikitoka, pikipiki mpya zinaonekana barabarani, na waliovunjika mifupa wanaonekana wodini.

Kumbukeni pia yaliyotokea Ruangwa Julai 2022. Walipokewa wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na damu kutoka puani, na kwa siku kadhaa nchi nzima iliuita ugonjwa usiojulikana. Vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kupitia maji au udongo uliochafuliwa. Walioripotiwa walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki. Hakuna mgonjwa aliyefika na jina la ugonjwa mkononi. Mtu wa zahanati akiona dalili asizozielewa na akatoa taarifa juu siku hiyohiyo, amefanya kazi ambayo hata daktari bingwa hawezi kuifanya akiwa mbali.

Malaria mtaiona kila siku. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, karibu mmoja kati ya watano, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 8. Mtaletewa mtoto wa degedege ambaye amepitishwa kwa mganga kwanza, ana hirizi shingoni na amefukizwa majani. Bibi yake amekaa kimya anasubiri mumgombeze. Msifanye hivyo. Mpimeni mtoto sukari, mwanzishieni sindano ya malaria kali, kisha mmoja wenu akae na bibi na kumuuliza kwa upole amepewa nini na saa ngapi. Unahitaji jibu la kweli, na aliyefokewa mara moja hatakupa jibu la kweli mara ya pili.

Kuna jambo wageni wengi wanachelewa kulijua. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na ingawa familia nyingi zimebadilika, mjomba bado ana sauti. Unaweza kumweleza mume wa mgonjwa habari za upasuaji, akaitikia kila neno, halafu saa mbili zikapita hakuna kilichofanyika. Anamsubiri mjomba mtu. Kisheria mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu zake anaamua na kusaini mwenyewe, na hilo mlisimamie, hasa kwa mabinti ambao kila mtu anataka kuwasemea. Lakini muulizeni mapema: "Ungependa nani mwingine asikie haya?" Akimtaja mjomba, apigiwe simu hapohapo, simu iwekwe sauti ya wazi, naye aelezwe na daktari badala ya kusimuliwa na mtu wa tatu. Mara nyingi anayesemwa kuwa mkaidi ni mtu ambaye hakuna aliyemweleza.

Kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni au kichanga aliyezidiwa, msianze kutafuta gari la mtu mtaani. Pigeni 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wazazi na vichanga, bila malipo. Iandikeni kwenye ukuta wa leba na mwafundishe wajawazito kliniki, wao na wanaowasindikiza.

Sasa niseme lile ninalolibeba moyoni kuliko yote. Familia ikisikia "mpelekeni Dar es Salaam", anayefikiriwa kwanza ni mtu mwenye fedha. Mikorosho inawekwa rehani. Mwenye fedha anavuna yeye mpaka deni liishe, na wakati huo watoto wa nyumba hiyo wanaitazama miti ya babu yao ikiokotwa na wengine. Kwa ajili ya kupona, watu wako tayari, na ni haki yao. Kinachoniuma ni mhudumu anayejua kwamba ugonjwa umefika pasipo na tiba ya kuuondoa, lakini anaandika rufaa kwa sababu maneno ya kweli ni mazito kuyatamka. Nimewaona akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwishasambaa wakisafirishwa zaidi ya kilomita 500 na familia inayoamini anakwenda kupona, kwa sababu ndivyo ilivyoachwa iamini.

Rufaa bado inaweza kuwa na faida kubwa. Mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, inaweza kuzuia damu na kupunguza maumivu, na maumivu yakipungua mtu anaishi miezi yake kwa utu. Basi semeni hivyo: "Huko wanaweza kumsaidia asitokwe na damu na asiumie hivi. Kuuondoa ugonjwa wote hatutegemei." Nyamazeni kidogo, waacheni walie, rudieni kesho yake. Waelezeni yanayoweza kufanyika hapa nyumbani, na huduma zilizopo sasa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, ambazo zamani ziliwalazimu watu kufika Muhimbili. Muwaeleze pia gharama za kukaa mjini kwa anayesindikiza, maana wengi huwaza nauli tu. Na muulize hali ya barabara. Mei 2024, kwa mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Wakishayajua haya yote na bado wakaamua kwenda, wasaidieni kwa moyo wote. Asiye na kitu kabisa apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo ya kulazwa, wala asisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo deni lianze kujadiliwa mbele ya watu.

Pamoja na yote niliyosema kuhusu wenye mgonjwa, siri ya mgonjwa ni yake. Ndugu atakufuata koridoni akuulize, "Sista, kwani huyu ana nini hasa?" Mjibu kwa upole kwamba mwenyewe atamweleza, au tutakaa wote watatu akiridhia. Kwa habari za VVU, sheria ya mwaka 2008 iko wazi kuhusu usiri. Ukitaka kuzungumza na mgonjwa peke yake katika wodi iliyojaa, mpe msindikizaji kazi ya kweli: akalete kadi nyumbani, akachukue majibu maabara, akateke maji. Usimfukuze mbele za watu, maana wote waliobaki watajua kuna siri na wataanza kuibuni wenyewe.

Siku ya kuruhusiwa, bahasha za dawa. "Kutwa mara tatu" kwa bibi asiyesoma, mwenye bahasha nne zinazofanana, haimsaidii. Chora jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi. Kisha usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie, "Bibi, nionyeshe ukifika nyumbani utampaje." Ataanza kupanga bahasha kitandani na hapo utaona ilipo shida.

Vifo vitakuwepo. Msitangazie mtu kifo mlangoni akiwa amebeba chupa ya uji. Mtafutieni kiti, asiwe peke yake, na tumieni neno lenyewe, "amefariki", maana "tumejitahidi" mtu anaweza kuisikia kama bado kuna tumaini. Waislamu ni wengi pwani yetu na wanapenda kuzika mapema, kwa hiyo kibali cha mazishi kisikwame kwenye droo ya mtu aliyekwenda chai. Atakayewapigia kelele saa hiyo, msishindane naye. Kaeni, msikilizeni, akitaka kupiga, ondokeni mkaite msaada.

Ninyi wenyewe je? Wengi wenu mmetoka mbali, Kagera, Kilimanjaro, Mbeya, na wakati mnamuuguza mama wa mtu hapa Newala, mama yenu anaumwa huko na anauguzwa na mdogo wenu kwa simu. Ni uchungu wa kweli na haufai kufichwa. Mwambieni muuguzi kiongozi au mganga mfawidhi mapema, kabla hamjaanza kukosa zamu. Baada ya kifo cha mtoto wodini, kaeni dakika kumi na wenzenu mliokuwa pamoja, mseme kilichotokea, hata kama hakuna kikao kilichoitishwa. Kuleni kabla ya zamu ya usiku. Pombe isiwe ndiyo dawa ya usingizi. Na tafuteni urafiki nje ya hospitali, kwaya, msikitini, timu ya mpira, kwa majirani. Katika mji mdogo mtakutana sokoni na mama aliyefiwa mikononi mwenu, na ni vyema awajue kama watu. Msalimieni yeye kwanza. Wengi wanataka tu kuona kwamba mtoto wao anakumbukwa.

Baadhi yenu mtaomba uhamisho baada ya muda, na hakuna ubaya. Kabla ya kuondoka mkabidhi atakayewapokea wagonjwa wenu wa kudumu mmoja mmoja: wa kisukari, wa kifafa, wa siko seli, wa kliniki ya dawa za VVU. Mumwambie na yupi anakuja na nani, nani hasomi, nani anakaa shambani msimu wa mvua, na simu ya nani hupokelewa. Mambo hayo kwenye faili hayamo.