Bibi Muuguzi Anajibu: Ufunguo wa sanduku anao nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana kisukari, nampeleka kliniki kila mwezi. Mara tatu nimetia karatasi kwenye sanduku la maoni: wazee wanatoka nyumbani alfajiri hawajala, wanapimwa sukari saa nne, dawa wanapata saa nane. Kimya. Sasa majirani wananisukuma nigombee kamati ya usimamizi ya kituo. Mie muuza dagaa, uganga siujui. Nitafanya nini huko? – Msomaji, Ujiji.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kagombee.

Sanduku nalijua, maana ufunguo wake niliwahi kuushika mimi, kwenye zahanati moja ya mwambao. Tulilifungua tukisikia wageni wa wilayani wanakuja. Nusu ya karatasi zimeliwa na mende.

Kulikuwa na kitabu kingine nilichokiona cha maana zaidi: cha watoro wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wengi walikuwa wavuvi, nami niliwaandika kwa kalamu nyekundu, na wakirudi nawasomea. Siku moja kwenye kikao mjumbe wa kamati, mzee aliyeacha uvuvi, akaniuliza, “Nesi, tarehe hizi ulizowapa ni za giza. Nani ataacha taa majini aje kwako?” Nikanyamaza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, watu wako nyumbani wanashona nyavu. Nimekula dagaa wa Kigoma tangu utoto, na hilo sikuliwaza hata siku moja! Tukachukua kalenda, tukahamishia tarehe zao kwenye mbalamwezi. Wino mwekundu ukapungua. Mzee yule naye uganga hakuujua.

Karatasi yako ingesomwa ingekuwa na uzito uleule. Mgonjwa aliyemeza dawa ya kisukari kisha akakaa na njaa sukari yake inaweza kushuka mno pale pale kwenye benchi. Hilo ni la usalama, wala si malalamiko ya foleni.

Sitakudanganya kwamba vikao vinatosha. Uganda walichukua zahanati 50, na kwenye nusu yake wakawakutanisha wanakijiji na watumishi, wakaandikiana ahadi. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha huko walikokutana vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa theluthi. Jaribio kubwa zaidi lililofuata huko huko halikuona punguzo hilo. Mimi nasema tofauti iko kwa anayerudi mwezi unaofuata kuuliza, “Ile ahadi imefikia wapi?”

Kwa hiyo siku ya kwanza uliza ufunguo anao nani. Omba sanduku lifunguliwe kikaoni, mbele ya wajumbe wa wananchi, na majibu yabandikwe ubaoni, hata jibu likiwa “hatuwezi”. Usiogope mambo ya fedha pia: tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ina sauti katika matumizi. Lakini anza na jambo lisilo na gharama. Wazee wa kisukari wapimwe wa kwanza, kabla ya saa mbili na nusu, wanywe chai yao.

Mganga mfawidhi atakwambia watumishi ni wachache. Ni kweli, usibishane naye. Mwombe akae na mama yako kwenye benchi asubuhi moja tu, tangu saa kumi na mbili. Na ile karatasi ya tatu, kama hukubaki na nakala, iandike upya usiku huu, kila kitu na saa yake.