Si ukaidi, ni ugonjwa: maswali yenu kuhusu Alzheimer

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja, mzazi au mwenzi anayepotewa na kumbukumbu. Nimezisoma usiku, moja baada ya nyingine, na mbili zimeniliza. Mimi ni muuguzi, lakini mengi ninayoyaandika hapa nilijifunza kwa baba yangu, niliyemuuguza miaka saba. Kazini niliujua ugonjwa huu kwa jina. Nyumbani nilibishana naye miaka miwili mizima kabla sijakubali kwamba hakuwa akinifanyia makusudi.

Mama yangu ana miaka 68. Anasahau majina ya watu, anaweka miwani mahali kisha anaitafuta nyumba nzima. Je, ndiyo Alzheimer imeanza?

Hayo mawili peke yake hayanitishi. Ubongo ukizeeka hupungua kasi. Jina haliji papo hapo, linakuja baada ya saa mbili ukiwa umeshaacha kulifikiria. Mama anayetafuta miwani, akarudia mapito yake na kukumbuka alipoiacha, kumbukumbu yake bado inafanya kazi.

Ninachokuomba uangalie ni hiki: je, anasahau kwamba jambo lenyewe limetokea? Ukimkumbusha mazungumzo ya jana, anasema "ah, kweli," au anakutazama kama mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza? Anauliza swali lilelile kila baada ya dakika kumi? Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, hipokampasi, inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi, nayo ni miongoni mwa zinazoshambuliwa mapema. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukusimulia harusi yake ya miaka 40 iliyopita, rangi ya nguo na nani alichelewa, lakini asijue kama leo ameshakula. Hapo familia nyingi hujifariji: "Mbona anakumbuka vizuri tu?" Anakumbuka ya zamani kwa sababu yalishahifadhiwa. Mapya ndiyo yasiyopata pa kukaa.

Tazama pia shughuli alizozizoea. Kwa baba yangu dalili ya kwanza haikuwa kusahau hata kidogo. Alikuwa mweka hazina wa chama chao kwa miaka mingi, akaanza kulificha daftari. Tulidhani pesa zimepungua naye anaona aibu. Kumbe hesabu ndizo zilizomshinda, mtu aliyejumlisha safu nzima kichwani. Kupotea katika njia ya kila siku, kushindwa kufuata hatua za pishi alilolipika maisha yote, kumkabidhi mtu asiyemjua pesa nyingi, kujitenga na rafiki zake: hayo yakijitokeza na kuzidi mwezi hadi mwezi, mpeleke akapimwe. Anza leo kuyaandika pamoja na tarehe zake. Daktari atayahitaji.

Baba anakataa katakata kwenda hospitali. Anasema wagonjwa ni sisi.

Wapo wanaoficha kwa hofu, na wapo wasiojua kabisa kwamba wanaumwa. Ugonjwa huu unaweza kuharibu hata ule uwezo wa mtu kujitambua kuwa ana kasoro. Huwezi kumshinda kwa ushahidi. Kila kosa unalomwonyesha, yeye anaona unamwonea.

Achana na neno "akili". Mwambie mnakwenda kupima presha, macho na masikio, na wala hutakuwa umemdanganya, kwa kuwa vyote hivyo ni sehemu ya uchunguzi. Asiyesikia vizuri hujibu ovyo, akaonekana amepotewa na fahamu kumbe ni masikio. Mtangulie daktari kwa barua yenye yale uliyoyaandika, ili usilazimike kumsema mzee mbele yake. Na mkifika, msimjibie maswali. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Tumekwenda hospitali mara tatu. Damu, picha ya kichwa, maswali ya kitoto, eti mama achore saa. Jibu bado. Wanatuzungusha?

Sidhani, ingawa naelewa uchovu wako. Hakuna kipimo kimoja ambacho mtu huingia nacho asubuhi akatoka na jibu mchana.

Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu na kumshuku mumewe. Alimfuatilia hadi alipofariki mwaka 1906, ndipo alipouchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta mabonge kati ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Kwa miaka mingi, kuyathibitisha kulihitaji kusubiri mtu afe. Siku hizi zipo picha maalumu za ubongo na kipimo cha maji ya uti wa mgongo, na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia utambuzi. Lakini si kila hospitali inavyo, na hata panapokuwa navyo, kazi kubwa bado ni historia ya mgonjwa na kuyaondoa magonjwa mengine moja moja.

Ndiyo kazi ya vipimo vyenu. Damu inatafuta upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, wakati mwingine kaswende au Virusi vya Ukimwi. Picha ya kichwa inatafuta kiharusi, uvimbe, au damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka ambako pengine mzee amekusahau. Sonona nayo hufanana sana na ugonjwa huu kwa wazee. Mengi kati ya hayo hutibika. Kuhusu saa, jaribu kuwaza: lazima mtu akumbuke umbo lake, apange namba zote kumi na mbili zienee, kisha ageuze "saa tano na dakika kumi" kuwa mishale miwili. Kazi hiyo ndogo huonyesha mengi.

Siku mnayorudi, tia kwenye mfuko dawa zote anazomeza, hata za dukani. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, baadhi ya dawa za usingizi na za kibofu huvuruga fahamu za wazee. Tena, mtu aliyekuwa sawa Jumatatu akaanza kuweweseka Jumatano hana Alzheimer ya siku mbili. Huenda ni maambukizi, mara nyingi ya njia ya mkojo au mapafu. Huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Shikamoo mama. Mama yangu ana Alzheimer. Kila jioni anamuulizia bibi, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Nikimwambia ukweli analia upya. Nikimdanganya nafsi inanisuta.

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo lililonikalisha usiku.

Kila unapomwambia "bibi alikufa", kwake ni msiba wa leo. Anaupokea kwa uzito wote, na baada ya nusu saa habari imefutika, ila huzuni haikufutika. Hisia hukaa muda mrefu kuliko jambo lililozileta. Anabaki na donge kooni asijue limetoka wapi, kisha anauliza tena, nawe unampiga tena palepale.

Nilifanya hivyo kwa baba nikiamini namrudisha kwenye ukweli. Aliyenitoa gizani ni jirani mzee ambaye hakusoma uuguzi. Baba alipouliza "mama yuko wapi?", yule jirani alimwambia, "Unamkumbuka, ee? Alikuwa mtu wa namna gani?" Baba akaanza kusimulia. Alisimulia hadi akatulia. Hapakusemwa uongo hata mmoja.

Mtu anayemwita mama yake saa ya magharibi mara nyingi anaogopa, amechoka, au anaumwa mahali asipoweza kupataja. Jibu kile anachokihisi: "Umemkumbuka sana leo. Njoo ukae nami." Mshike mkono. Hakikisha hajabanwa na haja ndogo, hana baridi, hana njaa. Ikiwa bado yuko mwanzoni mwa ugonjwa na amekuuliza waziwazi, akitaka kujua, mwambie kwa upole, mara moja, ukae naye alie. Baadaye, ugonjwa ukishaendelea, usimlazimishe kufiwa kila jioni.

Mume wangu ananiita mwizi. Miaka 37 ya ndoa!

Pole sana, dada. Kaficha pochi, kasahau kwamba kaficha, na ubongo wake unajaza pengo kwa hadithi inayoeleweka: kitu kimepotea, mwenye kukichukua ni aliye karibu. Aliye karibu ni wewe. Usijitetee. Sema, "Hilo linaudhi, hebu tuitafute," kisha mwache yeye ndiye aione. Weka pochi ya pili inayofanana. Yajue maficho yake, na kagua pipa la taka kabla ya kulimwaga. Na watoto waelezwe mapema, wasije wakaamini.

Jua likishuka baba anakuwa mtu mwingine. Anazunguka, anafoka, anataka "kwenda nyumbani" naye yuko nyumbani. Juzi alitoka tukamtafuta kwa muda wa saa nne.

Mabadiliko hayo ya jioni ni ya kawaida katika ugonjwa huu. Washa taa kabla giza halijaingia, maana vivuli humletea maluweluwe. Zima televisheni. Mchana apate mwanga wa jua na matembezi, usingizi wa mchana uwe mfupi.

Kuhusu kutoka, msingoje mara ya pili. Avae bangili yenye jina na namba ya simu. Kuweni na picha yake ya karibuni. Majirani waambiwe ukweli. Aibu haimrudishi mtu. Mlango unaweza kuwekewa kengele au kitasa cha juu, lakini msimfungie ndani peke yake kamwe, kwani moto ukizuka hatajua kutoka.

Mkishauriwa dawa kali za kumtuliza, ulizeni maswali. Dawa zinazotibu magonjwa makubwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye hali hii, na onyo hilo lilitolewa Marekani tangu 2005. Zipo nyakati zinahitajika, mtu akiwa hatari kwake au kwa wengine. Ziwe kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi.

Je, ina dawa?

Ya kuponya haipo, na atakayekuuzia iliyo ya kuponya anachukua pesa yako. Donepezili, rivastigmini, galantamini na memantini huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, bila kuusimamisha ugonjwa. Tangu 2023 kumeingia dawa za dripu zinazoondoa amiloidi, lekanemabu na baadaye donanemabu. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo, ni kwa walio mwanzoni tu, na zinaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, hivyo mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara.

Mama alikuwa nayo. Nami nitaipata?

Si lazima. Jeni zinazourithisha moja kwa moja zipo, lakini ni za familia chache sana, chini ya mgonjwa mmoja kati ya mia, na kwa kawaida ugonjwa huo huanza kabla ya miaka 65. Kwa wengine, kuwa na mzazi aliyeugua huongeza uwezekano kiasi tu. Tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba yanahusika na karibu asilimia 45 ya visa vya upotevu wa kumbukumbu vya aina zote. Presha, kisukari, sigara, kutofanya mazoezi, upweke na masikio yasiyotibiwa yamo. Anza na presha.

Mimi ndiye kitinda mimba, ndugu zangu wako mbali. Huu ni mwaka wa nne namuuguza mama. Jana aligoma kuoga, nikampiga mkononi. Nilijifungia nikalia. Nimekuwa mtu wa aina gani?

Mtu aliyezidiwa, mdogo wangu. Sitasema ulilofanya ni dogo, nawe unajua si dogo, ndiyo maana umeandika. Hasira ikipanda tena, hakikisha mama yuko salama kisha utoke chumbani. Kuoga kunaweza kungoja hadi kesho, hata keshokutwa. Huenda anaogopa maji yanayomwagika kichwani au anaona aibu kuvuliwa nguo na mtu asiyemtambua. Mfunike khanga mabegani, mfute kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine, ukimwambia unachofanya kabla hujakifanya.

Lakini tatizo lako la kwanza si kuoga kwa mama. Miaka minne bila zamu ni mzigo wa watu watatu. Nenda nawe ukamwone daktari, umweleze usingizi wako ulivyo na kilio hiki, kwa sababu wauguzaji wengi huingia kwenye sonona wakidhani ni uchovu. Na kama unahisi mkono utanyanyuka tena, mtu mwingine aingie ndani ya nyumba hiyo wiki hii, si mwezi ujao.

Ndugu zako usiwaambie "mnisaidie", maana hilo halina tarehe, na kila mmoja atadhani mwenzake ndiye atakayeitikia. Mmoja alipe msaidizi wa siku mbili kwa wiki. Mwingine aje akae wiki nzima kila baada ya miezi mitatu, alale chumba cha mama, aamke naye usiku. Wa mbali kabisa ashughulikie dawa, karatasi za hospitali na simu. Wakisema mama mbona anaonekana mzima kwenye simu, usibishane nao. Wape usiku mmoja naye, peke yao.