Jani moja likiliwa, mengine yanajihami?

Ndiyo, yanajihami, wala kinga haibaki kwenye jani lililoumwa tu. Kiwavi akitafuna jani moja la nyanya, majani ya juu ambayo hayajaguswa huanza kutengeneza vizuizi vya proteasi (vimeng'enya vinavyovunja protini), yaani protini zinazokwamisha mmeng'enyo wa chakula tumboni mwa mdudu. Watafiti Green na Ryan walilionyesha hilo mwaka 1972 kwenye nyanya na viazi.

Jeni za kutengeneza vizuizi hivyo zipo muda wote, ila zimezimwa: protini za JAZ huifunga MYC2, protini ambayo ndiyo inayoziwasha jeni hizo. Jeraha likitokea, seli hutengeneza jasmonati, homoni ya mmea inayobeba ishara ya jeraha, kutokana na asidi ya linoleniki ya utando wa kloroplasti. Jasmonati ikishaungana na asidi amino ya isolusini, huzinasisha JAZ kwenye kipokezi COI1, zinavunjwavunjwa, MYC2 inabaki huru. Nyanya ina pia sistemini, peptidi (mnyororo mfupi) ya asidi amino 18 tu, inayoipa ishara hiyo nguvu zaidi.

Angalizo kwa wanaopulizia aspirini "kuamsha kinga": salisilati, kundi la kemikali ambalo aspirini imo, hubana njia hii ya jasmonati. Inaweza kufaa dhidi ya baadhi ya vimelea vinavyoishi kwenye seli hai, lakini kwa viwavi unaupunguzia mmea silaha. Halafu vizuizi huchukua saa kadhaa kujikusanya, na wapo wadudu wenye proteasi zisizozuilika kirahisi, kwa hiyo ukaguzi wa shamba na kuokota viwavi bado unahitajika.