Usitie sahihi hiyo "fomu ya uthibitisho": kwa dada anayedaiwa ada ya fidia ya mkopo aliochukua na mtalaka wake

Dada, weka kalamu chini. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema mkopo mlichukua wote wawili mkiwa bado mke na mume hapa Uingereza. Mkaachana, mtalaka wako akaenda kwa kampuni ya kudai fidia mwaka 2019 bila kukuambia, benki ikarudisha pauni 4,800 za PPI, ile bima ya mkopo ambayo benki ziliwauzia watu isivyostahili, nusu kwake na nusu kwako. Sasa yeye hapatikani, na wao wanakudai wewe pauni 1,152, yaani ada ya fidia yote. Juu yake wamekutumia fomu ya "kuthibitisha taarifa zako" ili wakupunguzie, na unauliza uitie sahihi, ulipe, yaishe.

Hapana. Hiyo fomu ndiyo mtego wenyewe.

Hebu jiulize, mtu mwenye mkataba wako mkononi anahangaikia sahihi yako ya nini? Mwenye mkataba anakutumia nakala yake na ankara, basi. Akianza kukubembeleza uthibitishe leo kazi aliyoimaliza miaka ile, mimi nasema hana kitu, anataka wewe ndiye umpe.

Mimi niliwapa. Mke wangu wa zamani alianzisha dai kama hilo 2016. Benki ikagoma kuzungumza na kampuni mpaka wenye mkopo wote wawili waidhinishe. Kampuni ikaniletea "barua ya idhini". Kijana wao wa simu alikuwa mpole kuliko mposaji: "Ni utaratibu tu bwana, ili benki ituruhusu kuongea kwa niaba yenu." Nikatia sahihi kwenye simu nikiwa kituoni nasubiri basi la zamu ya usiku. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo hata mchana usingeyasoma, kulikuwa na masharti: asilimia 30 ya fidia yote, pamoja na VAT, na waliotia sahihi wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichonimaliza. Maana yake kampuni hailazimiki kugawa deni nusu kwa nusu. Inaweza kumwacha mwenzako alivyo na kudai yote kwako. Na unajua nani hudaiwa yote? Yule anayepatikana. Mwenzangu kahama, kabadilisha namba, katulia. Mimi anwani ile ile, kazi ile ile, simu ikilia napokea. Nidhamu yangu iliniponza.

Ngoja sasa usikie utamu. Fidia ilikuwa pauni 6,000, na sikuiona hata pauni moja. Ule mkopo ulikuwa na malimbikizo, benki ikakata fidia yote humo humo, na inaruhusiwa. Deni likapungua, sikatai, lakini mfukoni sifuri. Kampuni haikujali. Asilimia 30 ya 6,000 ni 1,800, weka VAT 360, jumla 2,160, taslimu, ndani ya wiki mbili. Nilipowaambia sijapokea kitu wakanijibu kwa heshima zote kwamba kupunguziwa deni nako ni kupokea. Nimewahi kuingizwa mjini Kariakoo, lakini kule angalau nilirudi nyumbani na kiatu kimoja.

Halafu akatokea bingwa wetu wa kundi la WhatsApp, yule ambaye kila kesi anaijua. Akaniambia: "Lipa tu yote, kisha mdai mwenzako nusu, sheria inakulinda." Kwa karatasi hakukosea, aliyelipa deni la wote anaweza kumdai mwenzake sehemu yake. Kudai. Kupata ni habari nyingine. Bibie alinijibu kwamba na yeye hakuona hela, sasa alipe nini? Nikalipa kwa kadi ya mkopo, nikaanza kulipia riba ya deni la kulipia deni. Bingwa bado yupo kundini, anashauri watu kuhusu viza siku hizi.

Wewe hujatia sahihi. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ina thamani ya hela nyingi, usiichezee. Usiwapigie simu "muelewane". Waandikie barua pepe: hulikubali deni hili, wakutumie nakala ya mkataba wenye sahihi YAKO, na taarifa zote walizonazo juu yako pamoja na rekodi za simu. Kutoa taarifa hizo ni wajibu wao kisheria, bure, ndani ya mwezi mmoja. Usiseme "niko tayari kulipa nusu yangu". Usiwatumie hata pauni kumi za kuonyesha nia njema. Kwa England na Wales deni la mkataba wa kawaida huwa haliwezi kudaiwa mahakamani baada ya miaka 6, lakini ukilipa kidogo au ukilikubali kwa maandishi kabla haijatimia, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana wana haraka na huruma ya ghafla.

Watakuambia umefaidika na kazi yao. Wajibu kwamba nusu yako uliipata kwa sababu mkopo ulikuwa wako pia, na wao hukuwatuma. Aliyewatuma wana jina lake, wamfuate. Hiyo 1,152 ni asilimia 20 ya 4,800 pamoja na VAT, yaani kiwango cha juu kilichowekwa na sheria kwa madai ya PPI tangu Julai 2018. Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana asilimia, bishana nani alisaini.

Waking'ang'ania, andika malalamiko rasmi kwao. Wiki 8 zikipita bila jibu la maana, au wakikupa jibu la mwisho usilolikubali, nenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha. Tangu Aprili 2019 wanasikiliza malalamiko dhidi ya kampuni hizi na mlalamikaji halipi kitu. Ila ikija fomu ya madai kutoka mahakamani, hiyo usiitupe kabatini. Una siku 14 za kujibu. Ukinyamaza wanapata hukumu bila jasho, na hukumu usiyoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka 6.

Kinachoniuma ni kwamba kudai PPI kulikuwa bure. Fomu moja, unajaza mwenyewe. Na jamaa hao hao sasa wanapiga simu kuhusu kamisheni za mikopo ya magari, wakati FCA yenyewe, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, inasema huhitaji kampuni na unaweza kupoteza zaidi ya asilimia 30 ya fidia yako.

Uliuliza pia kodi ya riba na hati ya talaka, sijui na nini kingine. Wengine watakujibu, mimi presha imeshapanda. Wewe piga picha hiyo fomu kurasa zote, hasa ya nyuma, ficha jina na anwani, iweke hapa tuisome.