Muulize Fundi: Cheti cha kiwanda si cheti cha dirisha

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasimamia ujenzi wa hoteli ya ghorofa sita, vyumba 84, hatua chache kutoka baharini. Mwenye mali amepata kiwanda cha nje kinachouza madirisha ya alumini kwa karibu nusu ya bei tuliyopewa na mafundi wa karibu. Wametuma picha, cheti cha ISO 9001 na ankara ya awali. Wanataka asilimia 30 sasa, iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Mkaguzi wa majengo naye ameshatuonya kwamba dirisha lisilokidhi kanuni litang'olewa. Mwenye mali ananisukuma nisaini wiki hii. Nifanyeje?
*Msimamizi aliyebanwa katikati*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisaini. Rudisha kalamu mfukoni kwanza tuongee.

Hicho cheti cha ISO 9001 huenda ni halali kabisa, lakini kinahusu namna kiwanda kinavyoendesha kazi zake: kumbukumbu, malalamiko, nani anawajibika kwa lipi. Hata kiwanda cha ndoo kinaweza kuwa nacho. Hakisemi chochote kuhusu dirisha lako litakapopigwa na mvua ya upepo ghorofa ya sita. Unachotakiwa kudai ni ripoti ya vipimo vya dirisha lenyewe: lilizuia hewa kiasi gani, lilivumilia maji hadi shinikizo gani, lilipinda kiasi gani kwa upepo.

Na ripoti ukiipata, anza kuisoma nyuma, kwenye michoro. Mimi niliwahi kupewa moja yenye mihuri mizuri, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaridhika. Kumbe dirisha lililopelekwa maabara lilikuwa la kioo kisichofunguka, mita moja na robo kila upande. Sisi tulikuwa tumeagiza ya kuteleza, upana mita 2.4. Mvua ya kwanza ya upepo ilipokuja, maji yalijaa kwenye reli kama beseni, yakamwagika chumbani. Nilipofungua moja nikakuta matundu ya kutolea maji chini ya fremu hayakutobolewa kabisa. Tukayatoboa wenyewe kwa drili, juu ya jukwaa, dirisha baada ya dirisha, mwenye mali amesimama chini akihesabu siku.

Kwa hiyo linganisha: aina ya ufunguaji, upana na urefu, unene wa ukuta wa profaili (vile vipande virefu vya alumini vinavyounda fremu), kioo, mipira ya kuziba, magurudumu. Dirisha dogo kuliko lililopimwa kwa kawaida halina shida. Kubwa zaidi ndilo la kutilia shaka. Kisha tazama ripoti imeandikwa kwa jina la nani. Mara nyingi ni la kampuni iliyobuni profaili, wala si la kiwanda kinachokuuzia. Hilo si kosa, ila dai barua inayoonyesha kwamba kiwanda chako kinaruhusiwa kutumia mfumo huo wa profaili, na kwamba kitatumia vifaa vilevile. Mwisho, iandikie maabara moja kwa moja, uwatajie namba ya ripoti. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, haitashangaa kuulizwa. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeuliza, hayo nayo ni majibu.

Lakini nimeruka hatua. Kabla ya kukiuliza kiwanda lolote, nenda ofisi iliyotoa kibali cha ujenzi, uulize kanuni zao zinataja kiwango gani kwa jina na namba. Kisha mwambie mhandisi wenu akupe shinikizo la upepo kwa paskali, ghorofa kwa ghorofa, na asisahau pembe za jengo, maana upepo hunyonya zaidi pale kuliko katikati ya ukuta. Namba hizo ndizo unazompelekea muuzaji. Ukimwuliza "madirisha yako ni imara?" atakujibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya.

Usishangae viwango vikiwa na lugha tofauti. Wanaofuata mfumo wa Ulaya watakutajia EN 14351-1, kiwango kikuu cha madirisha, na ndani yake EN 12210 ya upepo na EN 12208 ya maji. Ukiona C5 kwa upepo, maana yake dirisha lilipimwa kwa paskali 2000 na mhimili wake haukupinda kupita sehemu moja ya 300 ya urefu wake. Mhimili wa mita 2.4 haupindi zaidi ya milimita 8. Ukiona 9A kwa maji, maana yake maji hayakupenya hadi paskali 600. Wa Amerika Kaskazini wana madaraja ya R, LC, CW na AW, kuanzia dirisha la nyumba hadi la jengo kubwa, Waaustralia wana kiwango chao AS 2047. Mkaguzi wako akitaka kimoja na kiwanda kikawa na kingine, usijifanye mkalimani. Mpelekee ripoti, omba akubali kwa maandishi kabla hela haijatoka. Aliyekukubalia kwa mdomo leo anaweza kuhamishwa kesho kutwa.

Sasa bahari. Hapa ndipo bei ya nusu huwa imejificha. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi huichimba vidoadoa na kuinua rangi. Kwa rangi ya unga, Qualicoat, yaani wenye alama ya ubora wa upakaji rangi kwenye alumini, wanataka unene wa wastani usiopungua mikroni 60 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na wana daraja maalumu liitwalo Seaside, ambalo alumini hukwanguliwa zaidi kwa dawa kabla ya kupakwa rangi. Dai hilo kwenye mkataba. Na kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha kiganjani. Mtu wenu wa ukaguzi akienda kiwandani aende nacho. Skrubu na bawaba ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Nimeona fremu nzima ikiwa mpya, huku kila skrubu ya chuma cha kawaida imezungukwa na unga mweupe, alumini ikiliwa kwa sababu ya jirani yake.

Kama mtapoza vyumba kutwa, mhandisi anaweza kutaka fremu yenye kikato cha joto, yaani alumini ya nje na ya ndani zimetenganishwa kwa ukanda. Ukanda huo uwe wa poliamaidi, plastiki ngumu, yenye nyuzi za kioo. Wajanja huweka PVC, plastiki kama ya mabomba, ambayo hutanuka kwa joto takribani mara tatu ya alumini. Baada ya muda hulegea. Kwa macho huwezi kutofautisha. Iandike kwenye oda.

Hoteli ina mambo yake ambayo nyumba ya mtu haina. Mgeni hajui jengo, anaweza kuwa na mtoto, anaweza kuwa amelewa. Nchi kadhaa hutaka dirisha la ghorofa ya juu lisifunguke kupita takribani sentimita 10 bila ufunguo, kwa hiyo uliza kama kizuizi kipo na kimekazwa kwa kitu gani. Kioo kinachokaribia sakafu kiwe cha usalama. Mimi napendelea kioo cha laminiti, vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati kama cha mbele cha gari, kwa sababu kikivunjika kinabaki mahali pake, na kinapunguza kelele. Kelele ndiyo wageni watakayoilalamikia, na hupitia kwenye mpira mbovu kabla haijapita kwenye kioo.

Halafu pima uzito. Kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Dirisha la mita 2.4 kwa 2.1 lenye milimita 12 lina karibu kilo 150 za kioo peke yake. Litapita ngazi? Kontena lenyewe kwa ndani lina upana wa takribani mita 2.35, na mlango wa kontena la kawaida ni kama mita 2.28 kwenda juu. Kuna watu wamekumbuka hilo baada ya dirisha kutengenezwa. Ukiniuliza mimi, leta profaili na vifaa kutoka nje, kioo na uunganishaji vifanyike karibu nawe, ilimradi fundi amefunzwa na mwenye mfumo. Utapoteza sehemu ya ile nusu, lakini kioo kikipasuka hutasubiri meli.

Mkiamua kuleta yaliyokamilika, lipieni kwanza dirisha moja. Lifungeni kwenye chumba cha mfano, lipigeni maji kwa mpira wa maji kuanzia chini kupanda juu, ili ujue yanaingilia wapi, mkaguzi akiwepo. Hilo dirisha mlitie saini na kulihifadhi. Ndilo litakalolinganishwa na mzigo. Malipo ya pili yafungwe na ukaguzi wa mtu wenu kabla kontena halijafungwa, siyo na picha za simu. Agiza pia vipuri, hasa magurudumu na makomeo, kutoka oda hiyohiyo.

Kwa mwenye mali, mwambie hivi: wiki moja ya kuuliza maabara haimcheleweshi. Kung'oa ndiko kunakochelewesha.

SWALI: Fundi, madirisha yetu yalikaa na ile nailoni ya kinga miezi minane juani tukisubiri plasta. Sasa haitoki, inachanika vipande. Tufanyeje?
*Mkandarasi*

JIBU: Gundi imepikwa na jua. Jaribuni maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, kisha kiyeyusho ambacho mtengeneza rangi amekiruhusu, mahali padogo pasipoonekana. Msikwangue kwa wembe. Na angalieni chini yake kama kuna saruji iliyopenya. Saruji mbichi na chokaa hula alumini na kuacha doa ambalo halifutiki. Safari nyingine fremu zingoje stoo hadi plasta iishe.

SWALI: Kioo cha tempa cha ukumbini kimelipuka usiku, hakuna aliyekigusa. Mlinzi anasema ni mambo ya majini.
*Meneja wa hoteli*

JIBU: Mlinzi muache alale. Ndani ya kioo hubaki wakati mwingine chembe ya nikeli salfaidi, ndogo kuliko punje ya mchanga. Baada ya kioo kupashwa moto na kupozwa ghafla, maana ndivyo tempa inavyotengenezwa, chembe hiyo huendelea kutanuka polepole, hata kwa miaka, hadi kinapasuka chenyewe. Okoteni vipande vya mahali mpasuko ulipoanzia. Mara nyingi kuna viwili vikubwa vilivyokaa kama mbawa za kipepeo, na chembe iko kati yake. Cha kubadilisha agizeni kilichopitishwa kwenye tanuri la majaribio kwa kiwango cha EN 14179. Na kama kiko juu ya vichwa vya wageni, kiwe cha laminiti.